Malango Mawili na Shahidi wa Tatu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi



Katika sherehe kama hii ni desturi Katibu kuhesabu mafanikio yaliyopita, na hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza vema. Mimi nimeagizwa na Bodi nizungumze juu ya jambo litakalopigiwa kura mchana huu, yaani pendekezo la kwamba vyama vyetu vya msingi vya akiba na mikopo viwe na bohari moja ya kumbukumbu, ya flashi, yenye malango mawili. Najua kwamba maneno hayo ni mageni kwa wengi, na baadhi yenu mmeniuliza waziwazi kwa nini fedha ambazo zingeweza kukopeshwa kwa mama mwenye genge zitumike kununua mashine zisizoonekana. Swali hilo ni la haki. Fundi asiyeweza kumweleza mwenye nyumba kazi anayoifanya hafai kukabidhiwa nyumba. Kwa hiyo nitajitahidi kueleza kila kitu kwa lugha yetu, ili mpige kura mkijua mnachokipigia.

Naanza na daftari, kwa maana ndilo mali ya kwanza ya chama cha ushirika. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao dogo mwezi wa Desemba 1844, hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni fedha kidogo na kitabu kilichoonyesha kila mmoja ametoa nini. Hapa kwetu, Chama Kikuu cha Kilimanjaro, yaani KNCU, kilipoandikishwa mwaka 1933 chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, mambo yalikuwa ni yale yale: kahawa ilipimwa, ikaandikwa, na mwenye kahawa akawa na haki kwa sababu imeandikwa. Mwanachama akimkabidhi karani shilingi elfu kumi, mbele yake hubaki mstari mmoja wa wino tu. Mstari huo ukipotea, fedha yake imepotea hata kama noti zenyewe zimo sandukuni, kwa kuwa hakuna awezaye kusema ni za nani.

Siku hizi mstari ule hauandikwi kwa wino. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, watu wetu wamezoea kutuma na kupokea fedha saa yoyote, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo imetuleta katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaoitwa MUVU. Dereva wa bodaboda wa Mbagala huweka akiba saa nne usiku anapofunga kazi. Muuza samaki hutaka kutoa fedha saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda mnadani. Zamani karani alifunga daftari saa tisa mchana na hapana aliyelalamika. Sasa daftari latakiwa liwe wazi mchana na usiku, na likifungwa hata kwa saa moja, mwanachama huanza kujiuliza kama fedha yake ipo.

Hebu tutazame hesabu. Mwaka una saa 8,760. Mtambo unaofanya kazi kwa asilimia 99 ya wakati waonekana kuwa mtambo mzuri. Lakini ile asilimia moja iliyobaki ni zaidi ya saa 87, karibu siku tatu na nusu na ushei, ambazo daftari limefungwa. Asilimia 99.9 ni takriban saa 9 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi. Wauzaji wa mitambo hupenda kutaja tarakimu hizi haraka haraka, nasi yatupasa kuzigeuza kila mara ziwe saa, ili tujue tunauziwa nini.

Sasa niseme habari ya flashi. Wengi wenu mnaijua ile ndogo ifungwayo pamoja na funguo, inayochukua picha za harusi na nyimbo. Aliyeivumbua ni Bwana Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba nchini Japani, katika miaka ya 1980. Kabla yake, na hata sasa katika sehemu nyingi, kumbukumbu za kompyuta ziliwekwa katika sahani za chuma zinazozunguka. Ile ya kwanza kuuzwa, iliyotengenezwa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61, na yote pamoja ilichukua herufi milioni 5 tu. Sahani za siku hizi ni ndogo na huchukua mengi mno, lakini bado huzunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na sindano yapaswa kusafiri juu yake kutafuta mstari unaotakiwa. Safari hiyo huchukua karibu sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Ni muda mfupi machoni pa binadamu. Lakini mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na wanachama wa vyama vyote wanapouliza salio kwa wakati mmoja, sahani moja haiwezi kujibu zaidi ya maswali mia moja na kitu kwa sekunde, na wengine wote hungoja foleni.

Flashi haina kitu kinachozunguka. Ni vijumba vidogo sana vya silikoni, na kila kijumba hufungiwa chembe za umeme ambazo hukaa humo hata umeme wa nyumba ukizimwa. Swali hujibiwa katika muda wa karibu sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde, yaani mara mia moja upesi kuliko sahani. Isitoshe, haiumizwi na mtikisiko, nayo hula umeme kidogo. Ila ina kasoro zake, na ni vema kuzitaja. Kila kijumba huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa upya. Katika flashi za kawaida za leo huvumilia mara elfu chache, kisha huchoka. Kadhalika, flashi iliyochakaa ikiachwa bila umeme mahali penye joto, husahau. Viwango vya JEDEC, vinavyofuatwa na watengenezaji, huhesabu kwamba flashi ya ofisi kubwa iliyofika mwisho wa maisha yake itunze kumbukumbu miezi 3 bila umeme katika joto la nyuzi 40. Kwa hiyo ndugu zangu makarani, msifikiri kwamba kuifungia hesabu ya mwaka ndani ya flashi iliyozeeka, katika droo ya ofisi isiyo na feni, ni kuihifadhi.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na bohari moja. Chama kimoja cha msingi hakiwezi kununua flashi bora, kuikagua uchakavu wake, kuweka vipuri na kumlipa fundi. Kitanunua kompyuta moja, kitaiweka chini ya meza, na siku itakapokufa ndipo wanachama watakapojua kwamba chama chao kilikuwa kinaishi chini ya meza. Vyama vyote tukichanga, twaweza kuwa na bohari yenye flashi nyingi zilizopangwa hivi kwamba moja au mbili zikifa, zilizobaki zinajua yaliyokuwamo na kuyaandika upya. Elimu ya kupanga hivyo ilielezwa na wanazuoni watatu wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, mwaka 1988, na leo imeenea dunia nzima.

Wengine mmeuliza: Je, chama cha jirani hakitasoma daftari letu? Hapa ndipo kazi ya lango inapoanza. Lango ni kompyuta inayosimama mbele ya bohari. Hakuna karani wala simu inayoigusa flashi moja kwa moja. Kila ombi hupita langoni. Lango hutazama ombi limetoka chama gani, humfungulia chumba chake peke yake, na ufunguo wa chumba kile hauwezi kufungua kingine. Yaliyomo huandikwa kwa maandishi ya siri, hata mtu akiiba flashi yenyewe asipate kitu. Haya si hiari yetu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatutaka tulinde habari za watu tulizokabidhiwa.

Lakini lango likiwa moja, tumejenga hatari mpya kwa mikono yetu. Bohari yaweza kuwa nzima, flashi zote zikawa salama, na bado vyama vyote vikalala nje kwa sababu bawabu mmoja ameanguka. Tena zamani kompyuta ya Tandale ikifa, Tandale ndiyo iliyoumia. Sasa lango moja likifa, tumeumia sote, kutoka Bunju mpaka Mbagala. Anayependekeza bohari moja yenye lango moja, kwa kuwa ni rahisi, awaambie wanachama jambo hilo pia.

Basi lazima yawe malango mawili, na kila moja liwe na uwezo wa kuhudumia vyama vyote peke yake. Tazameni faida yake kwa hesabu ile ile. Iwapo kila lango husimama kwa asilimia 1 ya mwaka, basi nafasi ya yote mawili kusimama kwa wakati mmoja ni sehemu 1 ya 10,000. Zile saa 87 zimekuwa dakika 53. Hesabu hii lakini ina sharti moja kubwa, ambalo halimo katika vitabu vyenye picha za rangi tuletewavyo: ni kweli tu ikiwa vifo vya malango hayo havina sababu moja. Malango mawili katika chumba kimoja, kwa waya mmoja wa umeme, chini ya bati moja linalovuja, yakisimamiwa na fundi mmoja, ni lango moja lililonunuliwa mara mbili.

Kwetu Dar es Salaam sababu hizo tunazijua. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Desemba 2011 mafuriko yaliingia mabondeni mwa jiji hili, watu wakapoteza maisha na nyumba, na tangu hapo mvua kubwa zimeifunga barabara ya Jangwani si mara moja. Bonde la Msimbazi limekaa kati ya upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Likijaa, jiji hugawanyika. Kwa sababu hiyo Bodi inapendekeza bohari iwe katika nyumba mbili, moja upande wa Kinondoni na moja upande wa Temeke, kila nyumba iwe na flashi zake na lango lake, betri zake na jenereta yake, na yote mawili yawe na daftari lile lile.

Nalo daftari lile lile ndilo jambo gumu. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa maana kura yenu yasimama juu ya jambo hili.

Kwanza, namna ya kuandika. Mwanachama akiweka akiba Tandika, lango la Temeke litaandika katika flashi zake, kisha litapeleka mstari ule Kinondoni, litangoja Kinondoni ijibu kwamba imeandika, na baada ya hapo tu ndipo litamwambia mwanachama: Imepokelewa. Je, kungoja huko kutachelewesha watu? Hapana. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa njia ya mkongo kati ya nyumba mbili ni kilomita 20, kwenda na kurudi ni sehemu 2 za 10,000 za sekunde. Bei hiyo ni ndogo, na ye yote atakayetushauri tusingoje jibu ili mambo yaende mbio, tumkumbushe yaliyoipata kampuni ya GitHub ya Marekani tarehe 21 Oktoba 2018. Wakati wa matengenezo, mawasiliano ya kituo chao kimoja yalikatika kwa sekunde 43. Kituo cha upande mwingine wa nchi kilichukua kazi, kama kilivyopangiwa; lakini kituo cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuandika mistari ya sekunde chache ambayo ilikuwa haijavuka. Yakawa madaftari mawili, kila moja lina mistari ambayo jingine halina. Kwa ajili ya sekunde 43, huduma zao zilisumbuka kwa saa 24 na dakika 11, na hao ni watu wenye wahandisi hodari wa kila namna.

Pili, namna ya kujua nani yu hai. Malango mawili husalimiana daima. Kila mara moja huuliza, Hujambo? na jingine hujibu, Sijambo. Salamu zikikosa jibu kwa sekunde chache, lililobaki hudhani mwenzake amekufa, na huchukua kazi yote. Mpango huu wafaa sana lango linapokufa kweli. Lakini tuseme malango yote ni mazima, na kilichokatika ni mkongo tu, kwa sababu mtu anayechimba mtaro wa maji ameupiga sururu. Temeke inaita na haisikii. Kinondoni nayo inaita na haisikii. Kila moja inaamini ndiyo mrithi. Sasa mwanachama mwenye akiba ya shilingi 500,000 atoa 400,000 Tandika. Dakika kumi baadaye mtu mwenye namba yake ya siri atoa 400,000 nyingine Mwananyamala. Kila lango limeona 500,000, na kila lango limetoa kwa haki. Mkongo ukiungwa, tuna madaftari mawili yanayogombana, na hakuna mashine duniani iwezayo kusema lipi ni la kweli, kwa maana yote mawili ni ya kweli. Wanachama elfu wakifanya miamala yao katika saa hiyo, itatubidi tuketi na karatasi wiki nzima, na kila atakayeambiwa salio lake limepungua atasema ameibiwa.

Kwa hiyo nasema bila kuficha: malango mawili yasiyo na mwamuzi ni hatari kuliko lango moja. Lango moja likifa hutunyima huduma. Malango mawili yakifarakana huharibu daftari.

Dawa yake ninyi wana ushirika mnaijua kuliko mafundi, nayo ni akidi. Katiba ya chama inasema mkutano usiotimiza akidi hauwezi kuamua jambo, hata kama waliohudhuria wote ni watu wema. Ndivyo ifanywavyo katika malango. Huwekwa shahidi wa tatu, mashine ndogo isiyotunza fedha wala jina la mtu, ambayo kazi yake ni kupiga kura tu. Kura zote ni tatu na akidi ni mbili. Mkongo ukikatika, kila lango humkimbilia shahidi. Atakayeungwa mkono wa kwanza ana kura mbili, yake na ya shahidi, naye huendelea. Mwingine amebaki na kura moja. Naye, ajapokuwa mzima na mwenye nguvu, yampasa kujifunga mwenyewe. Wala hatuachii heshima yake peke yake: kabla ya mshindi kufungua kazi, hutoa amri ya kumvua mwenzake funguo, au hata kumkatia umeme, ili asije akaandika mstari mmoja zaidi kwa kutokujua.

Shahidi huyu asikae katika nyumba yo yote kati ya zile mbili, wala njia yake isipite ndani ya mojawapo. Maana akikaa Temeke, kura yake itakuwa ya Temeke daima. Anaweza kukaa nje ya jiji, Kibaha au Morogoro. Ni mashine rahisi kuliko zote katika mpango huu, na kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa pale mtu anapotaka kupunguza gharama. Nawaomba msikubali ifutwe.

Mpango huu una uchungu wake, na afadhali mwusikie leo kutoka kwangu kuliko kuusikia siku ya tatizo mbele ya dirisha. Itakuja siku ambapo lango la upande mmoja litakuwa zima, taa zinawaka, karani yupo, na bado litakataa kutoa fedha kwa sababu limekosa akidi. Watu watakasirika. Kuna watakaomwambia fundi alilazimishe lifunguke. Mwaka 2000 mtaalamu wa Marekani Eric Brewer alisema, na mwaka 2002 wenzake Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha kwa hesabu, kwamba mawasiliano yanapokatika huwezi kupata yote mawili, kila upande kujibu na majibu yote kupatana, lazima uchague. Mwenye kuonyesha picha za starehe aweza kuchagua kujibu. Sisi tunaotunza akiba za watu sharti tuchague kupatana, na uchaguzi huo uandikwe katika kanuni zetu kabla ya siku ya hasira.

Yako mambo mawili zaidi, Bwana Mwenyekiti.

La kwanza ni nakala. Watu huchanganya malango mawili na nakala ya akiba, na ni vitu mbalimbali. Karani akifuta kwa bahati mbaya hesabu ya mwezi, lango la pili litaifuta pia, katika sehemu 2 za 10,000 za sekunde, kwa uaminifu kamili. Mwizi akiingia kwa hila, ataharibu pande zote mbili. Kwa hiyo kila usiku lazima ichukuliwe nakala, ipelekwe mahali pengine, itengwe na mtandao, na kila robo ya mwaka irudishwe katika mashine tupu ili tuone kama inasomeka. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliotokana na betri uliunguza kituo cha kumbukumbu cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Terabaiti 858 za kazi za watumishi zilipotea, kwa kuwa bohari ile ilihesabiwa kuwa kubwa mno hata haikuwekewa nakala pengine. Korea ni taifa linalotengeneza flashi na kuziuza duniani kote. Kwa hiyo utajiri wa mashine peke yake haukutosha kumkinga mtu.

La pili ni mahali. Wako waliosema tuweke kila kitu ng'ambo, katika mabohari ya makampuni makubwa. Mimi siwabezi, kwa maana huko kuna ustadi mwingi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kusini mwetu, na intaneti ikayumba hapa Tanzania na nchi jirani. Daftari lililoko ng'ambo humtegemea bahari hata kwa swali la mtu wa Keko anayemwuliza karani wa Keko. Daftari lililopo hapa lategemea Mkongo wa Taifa na nyaya za nchi kavu, ambazo twaweza kuzikodi kwa njia mbili zisizokutana. Tena hatulazimiki kujenga nyumba zote. Upande wa Kinondoni kipo Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, kinachoendeshwa na TTCL, na viko vingine vya watu binafsi. Chama chaweza kukodi nafasi badala ya kujenga ukuta. Lakini kwa kila mwenye kutukodisha tuulize maswali yale yale: umeme waja kwa njia ngapi, jenereta hujaribiwa lini, maji hupita wapi, na nani hushika funguo.

Haya basi ndiyo Bodi inayoyaomba. Tuwe na nyumba mbili pande mbili za Msimbazi, zenye malango yanayoandika pamoja kabla ya kujibu. Tuwe na shahidi wa tatu nje ya nyumba hizo. Nakala itengwe kila usiku na kujaribiwa kila robo mwaka. Mafundi wafundishwe wawili kwa uchache, mmoja kila upande, ili ujuzi nao usiwe na lango moja. Na kila miezi mitatu, siku ya Jumapili iliyotangazwa mbele, lango moja lizimwe kwa makusudi mbele ya Kamati ya Usimamizi, nao waandike dakika ngapi zilipita. Lango la pili ambalo halijapata kujaribiwa ni tumaini tu, na tumaini haliwekwi katika mizania.

Kwa mama mwenye genge, ambaye fedha hizi zingeweza kumkopesha, jibu langu ni hili. Mkopo wake utatoka katika akiba za wenzake. Wenzake wataendelea kuweka akiba maadamu wanaamini kwamba mstari wao upo, ni mmoja, na unasomeka saa wanapouhitaji. Siku wakiacha kuamini, watatoa zote kwa wakati mmoja, na hapo hapatakuwa na mkopo wa genge wala wa bodaboda. Gharama ya malango na shahidi wake italipwa na vyama vyote kwa kadiri ya ukubwa wa kila kimoja, na hesabu yake imo katika karatasi mlizogawiwa. Isomeni, na pasipoeleweka niulizeni kabla ya kura.

Wazee wetu wa ushirika walifunga sanduku kwa kufuli mbili na kuwapa watu wawili funguo, si kwa kuwa waliwashuku watu hao, ila walijua kwamba binadamu huugua, husafiri na hufa, na chama hubaki. Nasi tunaombwa kufanya vivyo hivyo kwa mashine.